Miezi Saba ya Mama Yako

Masika mwanangu,

Umekwenda kuwaaga wanakwaya wenzako, na mama yako amejilaza kidogo, basi nimefunga duka mapema nikapata meza na utulivu. Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako na jirani yetu Nalongo wameshakuambia kuhusu sabuni, soksi, pasi, na wavulana, kwa mpangilio huohuo, na mimi sina la kuongeza hata katika hilo la mwisho. Shangazi yako Kakamega ataanza upya kukuambia yote hayo ukifika kuanza chuo cha ualimu. Utakuwa mwalimu anayejua kufua.

Nakuandikia kwa sababu ya Jumapili iliyopita. Tulikuwa tunakunywa chai, mama yako akanyoosha mkono kuchukua andazi la pili, na wewe ukasema bila hata kuinua macho, "Mama, umebakiwa na mguu mmoja tu." Akalirudisha andazi kwenye sahani, taratibu, kama mtu aliyeshikwa dukani. Mimi nilikunywa chai yangu yote ikiwa moto, ulimi ukaungua, nikafurahi kwamba ulimi huo una kazi nyingine ya kufanya.

Sikukaripii. Ningekuwa najua unachokijua wewe tu, na mimi ningesema hivyohivyo. Tatizo ni kwamba kuna jambo hujui, na mwenye kosa la kutokujua kwako ni mimi.

Utaniacha nianzie mbali kidogo. Mimi ni fundi cherehani, na fundi hakati kabla ya kupima.

Unajua elimu yangu. Darasa la saba, halafu magazeti. Wateja huleta vitambaa vimefungwa kwenye magazeti, na mimi sijawahi kutupa gazeti kabla ya kulisoma, ndiyo maana najua mambo mengi ambayo mwisho wake ulichanika. Lakini shule yangu kubwa ilikuwa viuno vya watu. Nilikuja Kampala mwaka uliofuata vita vya Museveni, kijana, na cherehani ya mkono. Kazi iliyokuwepo ilikuwa moja tu, kupunguza. Watu wazima walikuja na suruali walizoshonewa kabla ya shida, wamezikunja kiunoni na kuzifunga kwa kamba ya katani. Mwalimu mmoja alisimama mbele yangu, nikampima, nikapima tena, nikadhani futi yangu imevutika. Alikuwa na kiuno cha mtoto.

Halafu risasi za mwishomwisho zikanyamaza, ndizi zikaanza kuingia mjini, na taratibu kazi ikageuka. Walewale wakarudi kufumuliwa mishono. Amani niliiona viunoni kabla sijaisoma gazetini. Mtu alikuja anacheka, anashika tumbo lake kama amebeba zawadi, ananiambia, "Fundi, nifungulie!" Na watu wakikutana njiani, mmoja anampigia mwenzake kelele, "Ogezze!" umenenepa, na aliyeambiwa anashukuru. Wewe umezaliwa ukaikuta salamu hiyo ikianza kuwa ya mzaha. Sisi tulikuwa tunaimaanisha. Ilikuwa na maana ya kwamba hukufa.

Na kulikuwa na upande wa pili. Palepale watu wanaponenepa, wengine wakaanza kuja kupunguza tena. Mtumishi mmoja wa serikali aliniletea suti moja mara tatu kwa mwaka. Mara ya tatu nilipima, akatazama ukuta, nikaandika. Silimu, ndiyo ukimwi, ilikuwa inamaliza watu, na mimi nilikuwa najua habari kabla ya ndugu zao. Ndipo watu wakaanza kuogopa wembamba wenyewe. Waliniambia nibane nguo ili mwili uonekane umejaa. Alikuwepo bwana mmoja pale karibu na kambi ya jeshi aliyekuwa akivaa suruali mbili, ya ndani na ya nje, kwenye jua la Januari. Nilimshonea zote mbili. Hakuna aliyemcheka, kwa sababu kila mtu alielewa.

Kumbuka hilo. Bila hilo huwezi kuelewa nilichofanya.

Mama yako nilimpata akiwa anauza chakula Wandegeya. Mnande wa Beni, mimi Mluhya wa Kakamega, hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, tukachumbiana kwa Kiswahili chake cha Kongo na changu cha Kenya. Tulipohamia Makindye alifungua kile kibanda, na unakumbuka kilivyokuwa. Katogo asubuhi, sombe mchana, mchuzi wa njugu uliokuwa unawatoa wanajeshi kambini bila amri. Na yeye mwenyewe amekaa katikati ya sufuria, mpana, anang'aa, anaonja hapa, anaonja pale. Mpishi mnene hahitaji kibao cha tangazo. Nilimshonea gomesi zake zote, na kila mwaka niliacha kitambaa kingi ndani ya mshono, kwa sababu nilijua tutakihitaji. Tulikuwa tunacheka juu ya hilo. Mimi pia nilikuwa nanenepa, lakini suruali zangu nilishona za mpira, na mpira hautoi ushahidi.

Ulipokuwa darasa la sita ukaenda bweni. Muhula ule mama yako akaanza kunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani. Anaamka kukojoa, analala, anaamka. Siku moja akaniita nyuma ya nyumba akanionyesha sisimizi waliojaa pale alipokojoa. Tukaenda kliniki. Nesi, mama mfupi mwenye sauti ya mchungaji, akasema ni sukari. Akamwambia ale nini na aache nini. Soda aache kabisa. Posho, yaani ugali, kidogo, maharage, mboga ya dodo, na atembee kila siku.

Mwanangu, mama yako alifanya.

Nataka usome mstari huo mara mbili. Alifanya kwa miezi saba. Sijawahi kuona mtu mzima akijitawala namna ile, na wala mimi sijawahi kujitawala hivyo hata kwa wiki. Mwanamke aliyeshinda kutwa kati ya sufuria tano alikuwa anaonja kwa ncha ya kijiko na kutema. Asubuhi kabla ya kuwasha moto alitembea kwa miguu hadi Kibuye na kurudi. Likizo ile ulikuwa unatembea naye, mkirudi mmeshikana mikono, mmelowa jasho na kucheka. Nilimpunguzia gomesi mara mbili. Nesi akamsimamisha mbele ya wagonjwa wengine akasema, mnamwona huyu? Alirudi nyumbani akiwa na aibu ya furaha, akanisimulia huku anafunika mdomo.

Mwisho wa likizo ukarudi shule ukamwacha mwembamba. Likizo iliyofuata ukamkuta amerudi kama zamani, na soda mezani. Ukaamua alichoka. Kila mtu angeamua hivyo. Sasa nakwambia kilichotokea katikati.

Alianza Nalongo, na Nalongo hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anapima mkaa wake pale jirani, akainua kichwa, akamwona mama yako amesimama na kanga imelegea. "Banange! Mama Masika, okozze! Mwili yako imeenda wapi?"

"Nimepunguza, Nalongo. Ni munganga alisema."

"Munganga gani anasema mutu akonde?"

Hilo tu. Lakini Makindye ina masikio. Wiki ile vijana wa boda boda waliokuwa wakila pale wakahamia kwingine. Halafu mafundi wa ujenzi. Wanajeshi walibaki kidogo, kisha wakaanza kutuma mmoja awachukulie chapati tu, zilizokandwa na wasichana wake wawili, ambazo mkono wake haukugusa. Mama yako alipika, akafunika, akafunua, akawapa majirani. Mama mmoja akaja kwangu dukani kurudishiwa kitambaa chake kabla sijakikata. Alisema amebadili mawazo. Nilipomnyooshea, alikipokea kwa ncha za vidole. Nikaelewa kwamba hesabu ya mtaa ilikuwa imeshanifikia na mimi. Mke akiwa nayo, mume anayo.

Jioni ile mama yako akaniambia la maana kuliko yote niliyosikia maishani, na sikulisikia. Alisema, "Baba Masika, miye nitawaambia tu. Nitasimama pale kibandani, niwaambie nina sukari, munganga alinikataza. Mwenye kuamini aamini."

Nikamwambia hakuna atakayeamini. Nikamwambia sukari ni ugonjwa wa mawaziri, sisi tutaipata wapi? Nikamwambia kila mwenye ile nyingine husema ni kitu kingine, malaria, vidonda vya tumbo, kurogwa. Yote hayo yalikuwa kweli, na ndiyo hatari ya mtu anayesoma magazeti, hakosi maneno. Halafu nikasema, "Rudisha mwili."

Akasema, "Na munganga?"

Nikasema, "Daktari hakai Makindye."

Siku tatu alikataa. Nikaacha kuongea naye. Kisha nikaongea habari ya shule yako, kwamba kibanda kikifa utarudishwa nyumbani, na hapo nikamshinda, kama nilivyojua nitamshinda. Nilianza kuja na chipsi na kuku, zimefungwa kwenye karatasi inayovuja mafuta. Soda mbili, yake na yangu. Nilikaa mbele yake mpaka amalize. Alikuwa anakula kama mtu anayemeza vidonge, na alipoacha kipande nilimwambia, "Na hicho." Sikumpiga, sikupaza sauti. Nilikuwa mpole sana. Mtu angepita dirishani angesema, tazama mwanamume anavyompenda mkewe.

Mwili ukarudi upesi, kama unavyorudi. Nikafumua mishono niliyobana mwenyewe. Nikamshonea gomesi mpya ya rangi ya machungwa, ile inayoonekana toka ng'ambo ya barabara, Jumapili nikampeleka kanisani kwa kupitia njia ndefu. Nalongo akaacha mkaa akapiga vigelegele. "Ogezze! Mungu mukubwa!" Na mimi nikatembea pembeni, kifua mbele, kama nimeshinda kesi. Jumatatu vijana wa boda walikuwa wamerudi.

Yaliyofuata unayajua kunizidi. Kiatu kilichomchubua kidole. Kidonda kilichokataa kufunga. Kidole, halafu vidole, halafu chini ya goti. Ulikuwa kidato cha tatu, ukaacha shule miaka miwili, ukajifunza kumgeuza, kumwogesha, kumbeba hadi chooni na mgongo wako wa miaka kumi na sita. Darasa lako lilimaliza bila wewe. Wasichana wawili waliokuwa wakimsaidia kibandani wakatafuta kwingine, na mmoja hakupata. Nalongo, yuleyule, alimbeba mgongoni mvua ilipokata barabara, bila kujua kwamba ana sehemu katika jambo hilo, na mimi sitamwambia. Na yule mama aliyelala sakafuni chini ya kitanda cha mama yako wodini, ananyonyesha, anasubiri kitanda kiwe wazi. Unamkumbuka? Mimi namkumbuka kuliko jamaa zangu wengi. Kila asubuhi aliuliza, kwa adabu kabisa, kama mama yako anaendeleaje. Alikuwa anauliza kuhusu godoro.

Siku hizi naona magazeti yameanza kuandika habari za unene. Yanasema kila mtu awajibike kwa anachotia kinywani. Nakubali. Mkono ni wa mtu, kinywa ni chake. Lakini anayeandika hivyo nadhani anakula peke yake. Mimi nimeona mkono wa mama yako ukifanya kazi yake kwa miezi saba, bila kosa, halafu nikaona mkono wangu ukija na karatasi ya mafuta. Nikiambiwa mwenye jukumu ajitokeze, sijui kwa nini nimwonyeshe aliyekuwa anatafuna.

Na sasa nifike pale ninapoogopa kufika.

Ile siku wodini, siku ya tatu baada ya kukatwa. Ulikuwa hujalala. Ulikuwa umebeba maji toka nje mara sita, ukakaa, ukamtazama, ukasema, "Mama, ungefunga mdomo tu. Hukuambiwa jambo lingine. Mdomo tu."

Aligeuka akanitazama. Mimi nilikuwa nimeshika chungwa namenya. Masika, alinitazama muda mrefu, alinipa nafasi yangu yote. Nikaendelea kumenya. Ganda lilitoka zima, refu, halikukatika, nakumbuka hata nilijisifu kwa hilo. Ndipo akakutazama wewe akasema, "Ni kweli, mwana wangu. Nilishindwa."

Hakushindwa. Sikiliza. Hakushindwa.

Ulipotoka nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Ana mumoja wa kukasirikia. Wawili watamulemea." Kisha akaniomba chungwa.

Tangu hapo umemhudumia vizuri kuliko wauguzi wote, na hujamsamehe hata siku moja. Unampakulia kama askari magereza. Unapima posho yake kwa jicho, unaondoka. Mimi unaniheshimu. Unaniambia, "Baba, wewe ni mvumilivu." Nimeishi miaka mitano kwa sifa hiyo, na nakiri ilikuwa na ladha. Sikuwa naila kwa furaha lakini nilikuwa nashiba. Nimejiambia mtoto amalize mitihani kwanza. Halafu apate chuo kwanza. Mtu asiyetaka kusema hakosi kwanza.

Nimeona pia unavyokula wewe. Au usivyokula. Unaruka chakula cha mchana, jioni unasema umeshiba, na juzi ulipomwona yule bwana mnene akipanda ngazi za kanisa akihema, ulisonya. Sikulaumu kwa kuogopa, una mwili wa mama yako na utabidi uulinde. Lakini usijinyime kwa sababu ya kumdharau mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Yule mama mlafi asiyejiweza, uliyeapa hutafanana naye, nilimtunga mimi kwa kunyamaza. Aliyekuzaa ni yule mliyeshikana naye mkono mkirudi kutoka Kibuye. Ukitaka kufanana na mtu, fanana na huyo. Na ukikutana na mtu mnene huko uendako, mwalimu mwenzako au mtoto darasani, kabla ya kusonya jiulize ni nani anakaa mbele yake anasema, "Na hicho."

Sikuombi msamaha kwa barua. Hiyo ingekuwa kukutumia bili ukiwa safarini. Ukitaka kunikasirikia una haki, na nakuomba usifupishe. Mimi nina mgongo mpana, umeshonewa nguo za mpira. Mama yako hajui kama ninaandika. Akijua atasema nimekulemea, na huenda ni kweli, lakini wewe sasa ni mtu mzima, na ni juu yako kuamua kama mzigo huu unaubeba au unaniachia mwenyewe.

Nitakupa barua hii mkononi asubuhi, kabla hujavaa. Usiitie kwenye mkoba. Usiisome kwenye basi, kwa sababu kwenye basi utakuwa na la kusema na hutakuwa na wa kumwambia. Basi linaondoka saa tatu. Mwendesha boda nimemwambia aje saa mbili na nusu, na nimemwambia pia kwamba akisubirishwa asipige honi.

Mama yako huamka saa kumi na mbili. Huwa amelala macho anatazama dari, anangoja mtu aingie. Mara nyingi unaingia na beseni. Kesho ingia mikono mitupu, ukae. Mimi nitakuwa nje, nitachemsha maji mwenyewe, na sitabisha hodi.

Baba yako